Daktari wa Mathari na Wagonjwa Ambao Hakuwaona

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa Dakta John Colin Carothers kazi ambayo hakuisomea. Alikabidhiwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, na juu yake akaongezewa wafungwa wa gereza la mji huo. Mpaka hapo alikuwa daktari wa kawaida wa serikali, wa kutumwa wilaya hii na ile, na magonjwa ya akili aliyajua kama anavyoyajua daktari yeyote aliyegusia mada hiyo shuleni akafaulu mtihani. Miaka kumi na tano baadaye Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Si ya Mkikuyu, wala ya Mkenya. Ya Mwafrika, kusini mwa Sahara nzima.

Namna mtu alivyotoka pale akafika huku ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia wanachuo wenzangu, hasa wale wanaojiuliza kama wabaki kwenye utafiti wa saikolojia, ubongo au afya ya akili. Kwenye madesa yetu tuna Wajerumani, Wamarekani na Warusi wenye mbwa wao, lakini huyu aliyefanya kazi hapa jirani, na ambaye wakati wake alisomwa kuanzia Geneva mpaka Algiers, hatajwi kabisa.

Mimi nasoma saikolojia, mwaka wa tatu, na Mungu akijalia nitabaki kwenye utafiti. Nyumbani uamuzi huo haujaeleweka. Kwetu ni Isongole, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe. Ukivuka mpaka tu umeingia Chitipa, Malawi. Pale ukisema unasoma mambo ya akili, mjomba anauliza lini utaanza kutibu vichaa na mshahara wake ni shilingi ngapi. Ukimwambia kwamba hutatibu, utawauliza watu maswali kisha uandike, anakutazama kama umemaliza bumu lote kwa wiki moja. Kwa hiyo nilianza kusoma maisha ya waliotangulia, nione kazi hii huwa inazaa nini. Nikamkuta Carothers, na sikupata usingizi mzuri siku kadhaa.

Alizaliwa mwaka 1903 Simon's Town, Afrika Kusini, lakini shule alisomea Portsmouth, Uingereza, na udaktari katika hospitali ya St Thomas's, London. Mwaka 1929 akaja Kenya kama mwajiriwa wa idara ya afya ya kikoloni. Miaka tisa ya mwanzo haina makuu. Halafu ikaja Mathari.

Mathari ilianza mwaka 1910 ikiwa nyumba ya kuwafungia wenye wazimu, na jina la hospitali ilikuja kulipata baadaye. Ilijengwa kwa mpangilio wa koloni lenyewe: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na Waafrika ndio waliosongamana. Daktari alikuwa mmoja kwa mamia ya wagonjwa. Wagonjwa wenyewe walikuwa Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Waluhya na wengineo, na kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya pili. Dawa za skizofrenia tunazozijua leo hazikuwepo. Zilikuja miaka ya 1950.

Na hapa lazima nimpe haki yake. Mtu mwingine angepiga saini mafaili, akasubiri pensheni. Carothers aliweka kumbukumbu. Aliandika nani ameingia, ametoka wapi, alikuwa anafanya kazi gani, ana tatizo gani. Mwaka 1946 akaenda Uingereza kusoma kwa miezi michache katika hospitali ya Maudsley, akapata stashahada ya magonjwa ya akili, akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Mwaka uliofuata makala yake ikatoka katika jarida kubwa la Uingereza la tiba ya akili, ikichambua wagonjwa Waafrika zaidi ya 500 waliolazwa Mathari kati ya 1939 na 1943. Hakuwa na maabara, wala timu, wala msimamizi. Sisi tunaolalamika intaneti ya hosteli iko chini tungetafakari kidogo.

Makala ile ilidai mambo mawili makubwa. La kwanza, kwamba wazimu kwa Waafrika wa Kenya ni nadra sana ukilinganisha na Ulaya au Marekani, na sonona ndiyo nadra zaidi, karibu haipo. La pili, kwamba Mwafrika aliyeacha kijiji akaenda kuajiriwa mbali na kwao anachanganyikiwa zaidi kuliko aliyebaki nyumbani. Kutoka hapo ni hatua moja tu kufika kwenye maelezo: kwamba maisha ya kijijini hayamdai mtu kufikiri peke yake wala kubeba lawama moyoni, kwa hiyo hana cha kumsononesha; na akiingizwa kwenye maisha ya kisasa, akili yake inashindwa kuhimili.

Sasa tuiangalie hesabu yenyewe, maana kosa halimo kwenye falsafa, limo kwenye sehemu rahisi ya darasa la tano. Kiwango cha ugonjwa ni kiasi juu ya asili. Juu unaweka wagonjwa, chini unaweka watu wote ambao wagonjwa hao wametoka miongoni mwao.

Asili yake ilikuwa makadirio. Kenya haikuwahi kuwahesabu Waafrika wake kwa sensa kamili mpaka mwaka 1948. Kabla ya hapo idadi ilitokana na orodha za kodi na ubashiri wa maofisa wa wilaya, na wote tunajua mtu anavyojificha akisikia mtoza kodi anakuja. Lakini hilo ni dogo. Tatizo lilikuwa juu, kwenye kiasi. Aliowahesabu kuwa wagonjwa ni wale waliofika Mathari. Na Mathari hukufika kwa kujisikia vibaya. Ulifika kwa mkono wa polisi, ofisa wa wilaya na hakimu, kwa sababu umepiga mtu, umechoma nyumba au umekutwa unazurura uchi mjini. Kilichohesabiwa ni vurugu iliyoonekana na serikali.

Chukueni kitongoji chetu pale Isongole. Kuna mama mmoja jirani yetu alifiwa na mtoto, na tangu hapo msimu mzima hakushika jembe. Anakaa barazani. Chakula anakigusa tu, usiku halali, na ukimsalimia anajibu kana kwamba sauti inatoka kisimani. Mahindi yake yalivunwa na shemeji zake. Walimpeleka kanisani, wakampeleka kwa mganga ng'ambo ya mpaka, wakamrudisha kanisani. Hakumtukana mtu wala hakuvua nguo sokoni, kwa hiyo hakuna polisi aliyeitwa. Hospitali ya wilaya iko Itumba, ya rufaa iko Mbeya, na Mirembe, ambayo kwa watu wengi ndiyo maana nzima ya neno wazimu, iko Dodoma, safari ya siku nzima kwa basi na nauli ambayo familia ile haina. Nendeni mkatafute jina lake kwenye rejista yoyote ya magonjwa ya akili nchini. Halimo. Kwa hesabu ya Carothers mama huyu ni mzima, na mamilioni ya mama zetu kama yeye walikuwa wazima vilevile.

Lile dai la pili nalo linayeyuka hapo hapo. Kibarua wa Nairobi akichanganyikiwa, hana shemeji wa kumvunia mahindi. Bosi anamtaka atoke, mwenye chumba anamtaka atoke, askari yuko kona ya barabara, na Mathari iko mwendo mfupi tu. Kijana huyohuyo akichanganyikiwa kwao Nyanza, wazazi wanamfunga kamba kwenye nguzo ya ghala na mambo yanaishia ukoo. Mjini watu hawakuwa lazima wanaugua zaidi; walikuwa wanaonekana zaidi. Nimeuweka mfano huu kwenye kundi letu la kusomea, na mwenzetu mmoja wa takwimu akasema huo ndio upendeleo wa sampuli alioelezwa semista nzima bila kuuelewa.

Kama angeishia hapo, angekuwa mtafiti mwenye sampuli mbovu, na tuko wengi. Hakuishia hapo.

Kumbukeni ile ilikuwa zama ya kukata ubongo. Madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wanatoboa fuvu na kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine, ili kuwatuliza wagonjwa wasiotulia, na mwaka 1949 Mreno António Egas Moniz alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili hiyo. Wagonjwa waliofanyiwa upasuaji huo wengi walitulia kweli, lakini wakawa watu wasiopanga kesho, wasiojali, wenye kucheka ovyo. Mwaka 1951 Carothers akachapisha makala kuhusu Mwafrika na kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo. Hoja yake kwa ufupi ni hii: ukiorodhesha tabia za Mzungu aliyekatwa ubongo, kisha ukaorodhesha tabia za Mwafrika wa kawaida, orodha zinafanana mno, basi yaelekea Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake.

Someni tena polepole. Ni orodha mbili zimewekwa bega kwa bega. Ya kwanza ilitoka wodini. Ya pili ilitoka kwa mabwana wakielezea vibarua wao, wamisionari wakielezea waumini wao, na daktari mwenyewe akielezea watu aliokutana nao wakiwa wamefungiwa. Ukimuuliza tajiri yeyote kuhusu mfanyakazi anayemlipa kidogo, atakwambia mvivu, msahaulifu, hana mipango. Hiyo si sayansi ya ubongo.

Hakuwa wa kwanza Nairobi kuutafuta unyonge wa Mwafrika ndani ya fuvu. Miaka ya 1930 daktari wa maabara, F. W. Vint, alipima bongo za Waafrika waliofia hospitalini, akachapisha mwaka 1934 kwamba ni nyepesi na tabaka lake la juu ni jembamba kuliko za Wazungu. Waliofia hospitali za Nairobi enzi zile, wengi wakiwa maskini wa mwisho waliokonda kwa njaa na maradhi, ndio waliofanywa wawakilishi wa bara. Unaona mchezo ni uleule: wachukue walioko karibu na mkono wako, halafu uwape jina la wote.

Alipoondoka Kenya baada ya takriban miaka ishirini, Carothers alirudi Portsmouth kufanya kazi katika hospitali ya St James. Ni hapo Shirika la Afya Duniani, likiwa bado changa, lilipomwomba aandike kwa upana. Kitabu kikatoka Geneva mwaka 1953. Humo alikusanya kila alichosoma kuhusu bara hili: mazingira, utapiamlo, maambukizi, malezi ya mtoto, mila, vipimo vya akili. Hakusema kila kitu ni damu. Malezi na utamaduni vilipewa uzito mkubwa. Lakini picha iliyobaki kwa msomaji ilikuwa mtu mzima ambaye hajakomaa, na sasa picha hiyo ilikuwa na nembo ya shirika la dunia juu yake. Daktari kijana aliyetumwa Nyasaland au Kongo na kutafuta kitabu cha kumwongoza alikutana na hicho.

Na ndipo serikali ya Kenya ikamkumbuka. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, vita vya Mau Mau vinawaka, na gavana alihitaji mtu wa kueleza kwa nini Wakikuyu wanakula viapo na kuingia msituni. Carothers aliitwa, akakaa kwa muda mfupi, na ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau ikachapwa na mpigachapa wa serikali Nairobi. Aliueleza uasi kama ugonjwa wa mpito: watu wametoka kwenye mila zao, hawajafika kwenye usasa, wana wasiwasi na shuku, na wajanja wachache wameutumia wasiwasi huo. Ardhi, ambayo Mkikuyu yeyote wa mtaani angeitaja kabla hujamaliza swali, ilipewa kiti cha nyuma. Miongoni mwa ushauri wake ulikuwemo kuwakusanya watu vijijini. Sisemi yeye ndiye aliyevianzisha vile vijiji vya kulazimishwa ambamo zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa; jeshi na utawala walikuwa na sababu zao. Ila serikali ilipata alichohitaji: cheti cha daktari kwamba inatibu, haikandamizi.

Hapa ndipo huwa nasimama. Nimetafuta mahali ambapo Carothers anaonekana mkatili, sijapaona. Simwoni akimpiga mgonjwa wala akighushi takwimu. Alikuwa mtumishi mwenye bidii aliyejibu maswali aliyoulizwa na aliyemlipa. Na ndiyo maana ananitisha kuliko angekuwa jitu baya, maana watu wenye bidii wanaojibu maswali ya mlipaji ndio tunaoandaliwa kuwa. Mradi ukija na fedha na dodoso limeshatafsiriwa, ni nani kati yetu mwenye ada ya semista isiyolipwa atauliza swali hili limetoka wapi?

Majibu hayakuchelewa. Thomas Lambo, daktari Mnigeria aliyeanzisha kijiji cha tiba cha Aro kule Abeokuta mwaka 1954, aliishambulia sayansi ya namna hii mapema kabisa, kisha akafanya bora zaidi ya kushambulia: alishirikiana na watafiti wa Marekani wakaenda vijijini kwa Wayoruba, na mwaka 1963 wakatoa kitabu kilichoonyesha dalili za sonona ziko tele. Frantz Fanon, daktari wa akili wa hospitali ya Blida nchini Algeria, alimtaja Carothers kwa jina katika kitabu chake cha 1961, ambacho sisi tunacho kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Wengi tunakisoma kwa ajili ya sura ya kwanza na hotuba za jukwaani. Kule mwishoni, kwa daktari wa Mathari, hatufiki.

Jibu ninalolipenda mimi ni la kimyakimya zaidi, na liko Uganda. John Orley, Mwingereza aliyesomea tiba ya akili na pia anthropolojia, aliishi miongoni mwa Waganda na kuchunguza maneno wanayotumia kwa maradhi ya akili kabla ya kuhesabu chochote. Baadaye yeye na John Wing walichukua usaili wa kitabibu uliotengenezwa London, wakautafsiri kwa Kiluganda, wakapita nao katika vijiji viwili, wakilinganisha na wanawake wa Camberwell, London ya kusini. Hawakusubiri mtu aletwe na polisi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979: sonona vijijini Uganda haikuwa nadra, ilikuwa nyingi kuliko Camberwell. Zaidi ya miaka thelathini ya vitabu vikisema Mwafrika hasononeki, na kilichohitajika ni kubisha hodi.

Carothers mwenyewe aliendelea kuandika. Mwaka 1959 alitoa makala kuhusu utamaduni, akili na neno lililoandikwa, akidai kwamba kujua kusoma hubadilisha namna mtu anavyofikiri, kwa kuwa humtoa kwenye ulimwengu wa sikio na kumweka kwenye ulimwengu wa jicho. Mkanada Marshall McLuhan aliichukua makala hiyo akaiweka karibu na mlango wa kitabu chake maarufu cha 1962 kuhusu uchapaji. Kwa hiyo wenzetu wa mawasiliano ya umma, mnaposomeshwa McLuhan, mnameza na kijiko kidogo cha Mathari bila kuambiwa. Mwaka 1972 alitoa kitabu kingine juu ya akili ya mtu wa Afrika. Alifariki mwaka 1989.

Katika nchi yetu kazi imesonga. Watafiti wa Muhimbili walipoona madodoso ya nje hayashiki vizuri, walitengeneza la kwao la kutambua sonona, lenye maswali 19, wakalichapisha mwaka 2008. Ni kazi ya aina ile ambayo haikupi jina mtaani, lakini ukiisoma unaona mtu amekaa na wagonjwa akasikiliza wanavyosema: mawazo mengi, moyo kuuma, kichwa kuwaka.

Tatizo langu ni kwamba Isongole wazee hawaumwi kwa Kiswahili. Kiswahili ni cha ofisini, sokoni na mpakani. Kilio ni cha Kindali, lugha ambayo inazungumzwa huku na ng'ambo pia. Rafiki yangu mmoja wa isimu aliniambia nisijisumbue, kila mtu siku hizi anajua Kiswahili. Anajua, ndiyo. Muulize bibi yangu kwa Kiswahili kama amekosa raha wiki mbili zilizopita, atakujibu hajambo, maana kwa lugha ya wageni jibu huwa ni hajambo.

Kwa hiyo tasnifu yangu itakuwa ndogo: kaya za vitongoji viwili, nyumba kwa nyumba, na orodha ya kaya inatoka kwenye daftari la mwenyekiti wa kitongoji, siyo kwenye rejista ya zahanati. Kibali cha maadili bado nakisubiri. Dodoso linatafsiriwa na watu watatu, akiwemo mwalimu mstaafu aliyefundisha Itumba na mama mmoja mfanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka, kisha wengine wawili ambao hawajaliona la Kiswahili wanalirudisha Kiswahili tuone kimebaki nini. Tumefika swali la saba. La sita lilituchukua Jumamosi nzima, kwa sababu linauliza kuhusu kujiona huna thamani, na mwalimu anasema kwa Kindali mtu hasemi hivyo juu yake mwenyewe. Husema watu wamemwacha.